Gauni la Tatu la Jumamosi

Wifi yangu ni mtu wa mipango. Tangu niolewe kwao sijamwona akifua bila kwanza kupanga nguo kwa rangi, na ukimcheka anakununia siku nzima. Kwa hiyo alipoamua kumrekodi mama yake, yaani mama mkwe wangu, akifundisha kushona mtandaoni, nilijua tutakoma.

Mama alikuwa fundi cherehani maisha yake yote. Kutia zipu, kugeuza kola iliyochakaa, kuziba tundu la suruali usijue lilikuwa wapi: hayo ndiyo aliyofundisha. Alikaa dirishani, simu mbele yake kwenye stendi, akaanza kila mara kwa maneno yale yale: "Haya wanangu, shikeni sindano." Watu walimpenda mno. Wifi hakuonekana hata siku moja, maana alikuwa nyuma ya simu.

Mwanzoni walirekodi kila siku, wifi akawa hoi. Anahariri huku anapika, chakula kinaungua, na usiku hana usingizi akiwaza video ya kesho. Mwishowe akabuni utaratibu: Jumamosi wanarekodi video zote za wiki, siku nyingine anahariri na kuzitoa moja moja. Ili watazamaji wasijue kwamba zote ni za siku moja, Mama abadilishe gauni kila video. La kijani, la maua, la buluu, la mistari. Aliyeyapiga pasi ni mimi, nani mwingine? Lakini utaratibu ulimkaa. Wifi akanawiri, akaanza hata kutaniana nami.

Jumamosi moja Mama alikuwa kwenye gauni la tatu alipogeuka akaniuliza, "Mwanangu hajafika tu?" Mume wangu anafanya kazi mbali, hurudi Jumatatu.

"Mama, leo Jumamosi," nikamwambia.

"Jumamosi nilivaa la kijani," akanijibu kwa ukali. "Msinifanye mtoto mdogo."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Wiki iliyofuata hatukuwa na cha kucheka. Kwenye gauni la nne alilia kwamba tumemlaza na njaa tangu jana, na sahani yake ya chakula cha mchana ilikuwa bado mezani. Jioni alisimama getini kumngoja mwanawe, tukamrudisha ndani kwa kumvuta.

Daktari alisema akili yake inafifia na haitarudi. Akatuomba tumwachie siku zake ziende kawaida, tusimchanganye.

"Acha hayo magauni, wifi," nikamwambia tulipofika nyumbani.

"Nikiacha, kila kitu kinavurugika. Watu wanamsubiri."

"Watu gani? Mama yako huyu hapa!"

"Si kwa ajili yao basi. Nataka nimrekodi wakati bado anajijua. Nikiwa na video nyingi, nitabaki naye."

Nilikuwa na hasira, lakini nikaenda kuwasha pasi.

Wakaongeza Jumapili. Mama akavishwa na kuvuliwa mpaka akawa anainua mikono juu mwenyewe akituona tu. Kisha siku moja alishika sindano, akaitazama, akaitazama simu. "Haya wanangu," akasema, akanyamaza. Hiyo ndiyo video ya mwisho, na wifi hajaitoa.

Akiba ya video ilikuwa kubwa. Mtandaoni Mama aliendelea kushona na kutania wiki baada ya wiki, watu wakimwandikia kwamba hazeeki. Chumbani tulikuwa tunamlisha kwa kijiko, naye alimwita binti yake "dada", kama anavyoita mtu asiyemjua.

Alasiri moja wifi alimwekea simu mapajani, aone video ya gauni la buluu. Mama alitulia. Vidole vyake vikaanza kufuata mishono hewani.

"Huyu mama ni fundi kweli," akasema. "Ana watoto?"

"Ana binti," wifi akajibu.

"Mbona simwoni?"

"Ndiye anayerekodi."

Mama akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Dada, mwambie aiweke hiyo simu chini, aje akae na mama yake. Atamkosa."

Wifi alikuwa amekaa hapo hapo kitandani, mkono wa Mama umo mkononi mwake.