Siku Mbili Kabla ya Kupimwa

Wiki mbili hizi sikulala vizuri kwa sababu ya swali moja: nirudi kupimwa kama nilivyo, au nijitayarishe kwanza? Nimemaliza chuo, nimepata kazi, wanasubiri cheti cha daktari tu. Muuguzi alinifunga mkanda mkononi, akatazama namba, akanifunga tena. "Dada, una miaka ngapi?" Ishirini na tano. Akasema presha iko juu, labda ni wasiwasi, nirudi baada ya wiki mbili ndipo cheti kijazwe. Mimi huwa na wasiwasi hata wa kuchagua viatu, kwa hiyo nilitamani kumwamini.

Lakini najua nyumba niliyotoka. Mama aligundua presha yake akiwa na mimba ya mdogo wangu. Bibi, aliyenilea mtaani Nyakabiga, alikuwa nayo kabla sijazaliwa.

Nikiukumbuka uwanja wa nyumba ya bibi, nasikia kwanza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, wakikaangwa kwa mawese, wale waliokaushwa na chumvi nyingi. Bibi alitia chumvi hata kwenye parachichi. Dawa zake zilikaa ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati, na zilikaa kweli, maana hakuzigusa. "Kichwa hainiumi, dawa ya nini? Mi siko mugonjwa."

Ila siku mbili kabla ya kwenda kupimwa, nyumba iligeuka. Mimi nilichambua mboga za lengalenga na kumenya vitunguu saumu mpaka vidole vikanuka. Tulikula bila chumvi, sote. Bibi alimeza vidonge, akalala mchana kutwa, na sisi watoto tukakatazwa kugombana tusije tukampandishia presha. Siku ya kupimwa muuguzi alimsifu, akamwambia aendelee hivyohivyo. Tulitoka hapo tukapitia sokoni kununua ndagala.

Jirani yetu, mama mmoja wa Uvira aliyeshona nguo mbele ya mlango wake, hakumwacha bibi, Koko kama alivyomwita, apite.

"Koko, umetoka kudanganya mashine tena?"

"Apana. Iliniuliza ya jana na juzi, nikajibu. Ya mwezi muzima haikuuliza."

Walicheka mpaka cherehani ikasimama. Nami nilicheka, nikimwona bibi ana akili kuliko wauguzi wote.

Wiki moja baada ya sifa kama hizo, asubuhi, alikuwa akifua. Aliniita, na jina langu likatoka limepinda. Mkono wake wa kulia ulibaki ndani ya beseni kama si wake. Aliishi miaka mitatu mingine akila kwa mkono wa kushoto. Hakutania tena, maneno yalimchosha.

Nyumba ile imevunjwa, pamejengwa duka la saruji na misumari. Jirani alirudi kwao. Sijui kama kuna mwingine anayekikumbuka kicheko kile, na kila nikikikumbuka sijui kama ninaruhusiwa kukipenda bado.

Jumamosi iliyopita, nyumbani kwetu Gasenyi, nilijikuta jikoni na mafungu matatu ya lengalenga. Nilikuwa nimeshapanga yote: nile bila chumvi, nilale, nipate cheti safi, nianze kazi. Mama akaingia, akaonja sufuria.

"Hii chakula ni ya nani?"

Nikamweleza. Akafunika sufuria.

"Si ulimuona mama yangu na macho yako?"

Usiku huo nilikula maharage yake kama siku zote, na Jumapili pia.

Jumatatu nilimwambia muuguzi habari za bibi na za mama kabla hajanifunga mkanda. Namba ilikuwa juu kuliko ya kwanza. Akaiandika kwenye cheti. Nilinunua vidonge nilivyoandikiwa, vya mwezi mmoja, nikaomba maji palepale kwenye duka la dawa, nikameza cha kwanza. Kisha nikapeleka cheti ofisini, kama kilivyo.