Mvuke Niliouachia Mwenyewe

Jamani, leo nusura niwaue wagonjwa wangu wote.

Nilikuwa nachemsha bandeji chafu kwenye ile sufuria yetu ya mvuke yenye mfuniko wa skrubu. Ni za kufukiwa, ila huwa hatuzifukii kabla hazijachemka zikaisha harufu ya damu, maana mbwa hufukua.

Mara ndege ya kivita ya Wareno, kutoka upande wa Namoto!

Sisi wa hospitali ya wapigania uhuru msituni tumefundishwa kuogopa moshi, maana rubani huuona. Nikazima moto kwa mchanga, nikajiona hodari.

Sufuria ikaendelea kufoka. Kwa woga nikafungua tundu la mfuniko, mvuke uishe upesi.

Ukapanda mweupe hadi juu ya mikorosho.

Ndege ikageuka.

Mimi nikaganda. Aliyeinuka ni Kaka Saidi, majeruhi ambaye wiki nzima hajakanyaga chini. Akaja akirukaruka kwa mguu mmoja, akatupa blanketi lake juu ya sufuria, akalikandamiza kwa mikono.

Ndege ikazunguka mara mbili, ikaenda zake.

Viganja vyake vimebabuka. Nikaanza kulia.

"Usilie, dada. Bandeji zipo?"

Safi hata moja hakuna.

Nimewasha moto tena. Zile za kufukiwa ndizo nitakazomfungia.

Mngekuwa nyie, mngemtazamaje usoni?