Katiba ya Robine

Serikali ya kwanza niliyoiangusha ilikuwa ya mama yangu mzazi. Niliiangusha kihalali, kwa kifungu nilichokiandika mwenyewe na kukisahihisha mpaka kila koma ikakaa mahali pake.

Avenyi yetu, yaani mtaa wetu hapa Kalemie, ina robine moja, bomba la maji la wote, na robine ina kufuli. Tangu baba afariki, ufunguo ulikaa kwa mama. Hakuna aliyemchagua. Alifungua asubuhi, akafunga maji yakikatika, na katikati ya hapo aliamua ugomvi wote wa mstari. Watu walimheshimu kwa ufunguo ule. Bila huo angekuwa mjane mwingine tu wa kuulizwa hali msibani. Hilo ninalijua sasa. Wakati ule nilikuwa na shughuli ya kujua mambo makubwa zaidi.

Shule niliiacha kabla ya diploma, kwa hiyo siasa nilijifundisha mwenyewe, kwa redio na kwa vitabu vya kuazima ambavyo kurasa zake za mwisho zilikuwa zimekwisha kufungiwa karanga. Nikajua kwamba mamlaka yasiyo na mpaka huoza, na kwamba asiwepo anayetawala bila muhula. Nilipotazama pande zote kumtafuta dikteta, wa karibu zaidi alikuwa yule aliyenisongea bukari.

Nikaandika katiba. Mlinzi wa ufunguo atakaa miaka miwili. Mkutano wa wakaaji utaitishwa na mlinzi wa ufunguo. Siku ya uchaguzi, kila mkaaji atajipanga mstarini nyuma ya mgombea wake, hadharani. Msimamizi nitakuwa mimi, maana hakuna mwingine aliyeisoma. Niliwasomea watu wakiwa wanasubiri maji, wakapiga makofi. Nadhani ni kwa sababu maji yalikuwa yametoka.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza tu kama ile miaka miwili inamhusu hata yeye. Nilimweleza kwa upole kwamba katiba haina mama. Akanijibu kwamba basi siku hiyo nitajipikia.

Mpinzani wake alikuwa Papa mmoja, mzee jirani, mstaafu wa reli, anayeishi peke yake. Asubuhi ya uchaguzi alikuja na wanaume wa avenyi, wamesimama nyuma yake kwa miguu yao. Wanawake wengi walikuwa wamekwenda ufukweni kupokea samaki kutoka Zongwe. Kabla ya kuondoka walifanya kama wanavyofanya kila siku ya maji: kila mmoja aliacha bidoni yake, dumu la maji, mstarini, nyuma ya mama. Kwetu bidoni iliyo mstarini ni mwenyewe. Ukiisogeza, umemsukuma mtu.

Bidoni zikihesabiwa, mama ameshinda. Zisipohesabiwa, ameshindwa. Angekuwa mgombea mwingine, ningezihesabu bila wasiwasi. Lakini niliwaza watakavyosema, kwamba mtoto amehesabu plastiki ili mama yake atawale. Nikachagua usafi wa jina langu.

"Bidoni haina kura," nikatangaza.

Mama alifungua fundo la kikwembe alichojifunga kiunoni, akatoa ufunguo, akampa Papa. Aliponipitia alisema polepole, "Unaogopa watasema. Watasema tu, mutoto yangu."

Wanawake walirudi na samaki wakakuta serikali imebadilika. Jirani yetu alitua beseni lake mbele yangu. "Miaka yote bidoni yangu njo mimi," akasema. "Sasa leo mimi ni nani?"

Papa alitawala akiwa na ufunguo mfukoni mwa shati. Shati lilipokwenda Kirungu kumtembelea kaka yake, ufunguo nao ulipanda milima, sisi tukachota ziwani. Aliporudi nilimwomba aitishe mkutano wa kumwondoa. Kumbe alikuwa ameisoma katiba. Ndiye msomaji pekee niliyewahi kumpata. "Mkutano naitisha mimi," alisema, "na mimi sijaona sababu."

Aliposafiri tena, wanawake walikata kufuli kwa msumeno, wakafunga jipya, wakamletea mama ufunguo. Hakuugusa. Aliwaambia wauweke mezani mbele yangu.

"Tafuta kifungu," akaniambia.

Nilipekua katiba yote. Hakikuwapo.

"Basi andika. Siwezi kushika kitu cha kuiba."

Nikaandika kwamba bidoni iliyowekwa mstarini na mwenyewe ni mwenyewe. Ni kifungu pekee ambacho hakuna aliyeniomba nikieleze. Tulimngoja Papa arudi; ufunguo wake ulipokataa kufuli jipya, aliona sababu ya kuitisha mkutano, mistari ikapangwa upya, miguu na bidoni, na mama akashinda. Papa alikabidhi ufunguo wake wa zamani kwa hotuba ndefu, ingawa haukuwa na kitu cha kufungua tena.

Muhula huo sasa unakaribia kwisha. Mama anasalimiwa njiani kama zamani, nami nimeanza kulala vizuri. Yaani nilikuwa nimeanza. Jana nilipita kwa Papa nikaona nyuma ya jiko lake bidoni mpya, nyingi kuliko maji anayoweza kunywa mtu mmoja. Na katika kifungu changu hakuna mahali niliposema mtu mmoja anaweza kuwa bidoni ngapi.

Nilimweleza mama. Alikuwa akifunga ufunguo kwenye kikwembe, akakaza fundo.

"Na kifungu juu ya hiyo?" akauliza.

Ninakiandika tangu asubuhi.