Maziwa Yasiyotoa Siagi

Mchana Théoneste Ntirenganya alibeba magunia ya kahawa kwenye bandari ya Goma. Jioni alinibeba mimi.

Nieleze vizuri. Miaka ya hamsini misheni ilikuwa na kikundi cha jimnastiki, na kila sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, katikati ya Agosti, tulijenga piramidi ya watu uwanjani, mbele ya mji mzima. Wanaume wenye mabega walisimama chini, wengine wakapanda juu yao, na wengine tena juu ya hao. Théoneste alisimama chini, katikati kabisa. Mimi Adalbert, fundi cherehani niliyetoka Butembo nikiwa mwembamba na nikabaki hivyo, nilisimama kwenye mabega yake, na juu yangu alikuwepo mwingine. Kwa hiyo magoti ya Théoneste hayakuwa habari ya Théoneste peke yake. Shingo yangu ilikuwa inategemea magoti hayo, na nilikuwa ninaipenda shingo yangu.

Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye kuongea kidogo. Alikuwa ameshuka kutoka milima ya Masisi baada ya ugonjwa kuwamaliza ng'ombe wa baba yake. Alibaki ng'ombe mmoja tu, Bihogo, aliyetunzwa na ndugu yake kulekule milimani. Théoneste alipanga nyumba ya miti na udongo katika mtaa wa Keshero, akaishi humo na mama yake, Mukamugema. Watu wa Masisi waliokuwa na ng'ombe walijulikana kwa ng'ombe wao. Yeye hapa mjini hakuwa na ng'ombe wala ukoo. Alichokuwa nacho ni ile nafasi ya chini katikati. Alipopita sokoni akina mama walisema, "Ule ndiye anabebaka wote," naye alijifanya hasikii, ila nilimwona anavyonyoosha mgongo.

Mwaka wa hamsini na sita, wakati wa mvua nyingi, malaria ilimlaza. Aliporudi uwanjani mashati yake yalikuwa yamekuwa makubwa. Nilipanda mabegani mwake, nikahisi mtetemo ukitoka chini na kunipanda mpaka kwenye meno. Nilishuka kabla sijaambiwa.

Muwalimu Édouard, aliyetufundisha jimnastiki, hakuwa mtu mbaya, lakini hakuwa na maneno laini. Alimwita pembeni.

"Nakupatia mpaka mwisho wa juillet," alimwambia. "Magoti ikitetemeka ile siku, utashika bendera. Mwingine atasimama pa nafasi yako."

Kushika bendera ilikuwa kazi ya wazee na ya wagonjwa. Théoneste aliitikia kwa kichwa. Tulipokuwa tukirudi nyumbani aliniambia, bila kunitazama, kwamba akishika bendera hatakanyaga tena uwanja huo. Nilimwamini.

Basi nikajitia udaktari. Dukani kulikuwa na kopo la unga wa kukoroga kwenye maji moto, lenye picha ya mwanamume ambaye misuli yake ilikaribia kutoboa karatasi. Nikaona tumepona. Nilimpelekea Théoneste, tukalimaliza pamoja, na lilikuwa tamu kweli. Lilikuwa kakao na sukari. Magoti yake yaliendelea kutetemeka, isipokuwa sasa yalitetemeka kwa furaha.

Ndipo tukaenda kwa Julien, muuguzi wa zahanati. Julien alimpapasa mapaja kama mtu anayenunua mbuzi, akacheka sana kuhusu kopo letu. Akatoa mfuko wa unga mweupe, mkavu, usio na harufu ya maana. Ulikuwa unga wa maziwa, ule waliopewa watoto waliovimba miguu kwa njaa, na watu waliotoka kuugua.

"Usichague kwa utamu, na usichague kwa picha," alisema. "Hii mafuta yake ilitolewaka, lakini kile kinajengaka nyama ya mwili kimebakia. Tia mu chakula kila siku, kisha ufanye mazoezi. Bila mazoezi ni bure."

Tulifurahi. Théoneste alianza siku ileile, akaanza na kupanda vilima vya mawe meusi akiwa na gunia mgongoni. Nami nilingoja anenepe. Badala yake alizidi kukonda. Wiki zilipita, mifupa ya mabega ikaanza kunichoma nyayo. Nikarudi kwa Julien nikiwa nimefura kwa hasira, nikamwambia unga wake ni wa kupaka ukuta.

"Anakula nini pamoja nayo?" aliuliza.

Sikujua. Nilikwenda kuangalia. Nikamkuta Théoneste ameketi mbele ya kikombe cha unga uliokorogwa na viazi vitamu viwili. Sufuria ya maharagwe ilikuwa palepale, imefunikwa.

"Maharagi umeacha?"

"Nimekunywa maziwa," alijibu, kana kwamba hilo linatosha.

Kwao lilitosha. Katika nyumba yao, aliyekunywa maziwa haonji maharagwe mpaka kesho yake. Maharagwe yakiyafuata maziwa tumboni, ng'ombe hukauka kiwele. Nilimwambia kwamba ng'ombe wa unga ule wako ng'ambo ya bahari, wakauke wasikauke hawatujui. Akanieleza kwa subira kwamba laana haiulizi maziwa yalitoka wapi. Inaangukia ng'ombe wa nyumba ya mlaji. Na Bihogo alikuwa na mimba.

Sisi wa Butembo tunakula maharagwe kwanza, maswali baadaye. Nilipandisha sauti. Nilimwambia kwamba nyama hali, samaki hali kwa sababu kwao samaki si chakula, na sasa ameacha hata maharagwe kwa ajili ya kikombe cha maji meupe, kisha anataka kuwabeba watu. Ningesema mengi zaidi, ila Mukamugema alikuwa amesimama mlangoni.

Alikuwa mama mfupi, mwenye mikono mirefu kuliko alivyostahili. Maisha yake yote alikuwa amekamua, amegandisha na amesukasuka maziwa. Hata kule milimani walikuja kumwita aonje, aseme ng'ombe gani anaanza kuugua. Hakunigombeza. Aliuchukua mfuko wa unga, akatia kidogo kiganjani, akaramba.

"Kama ni maziwa, itatoa siagi," alisema. "Kesho kutwa mukuje."

Tulikwenda, na majirani pia walikuja, maana kule Keshero habari haikai. Mukamugema alikuwa ameukoroga unga wote uliobaki kwenye maji, akauacha ugande, kisha akaumimina ndani ya kisabo chake, kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa alichotoka nacho Masisi. Kisabo hicho kilikuwa hakijaguswa tangu ng'ombe wafe. Aliketi mkekani akakipakata, akaanza kukisukuma mbele na nyuma. Hakuharakisha. Jasho lilimtoka, akaendelea. Théoneste alikuwa amesimama karibu na ukuta, mikono kifuani, roho juu. Siagi ikitoka, ni maziwa, na maharagwe hayaguswi, na bendera inamngoja.

Mwishowe alifungua, akainama, akanusa. Alinusa kwa muda mrefu. Nami nilichungulia: mlikuwa na kitu kizito cheupe, kichachu, kikinuka kama maziwa yaliyogandishwa yanavyonuka kote duniani. Lakini siagi haikuwemo, hata punje.

"Haina siagi," Mukamugema alisema kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia. "Haiko maziwa. Ni bunga."

Mwanamke mmoja alitaka kubisha, akasema mbona imeganda. Mukamugema alimtazama mpaka akanyamaza. Kisha akamgeukia mwanawe. "Bunga inakulikaka na maharagi. Weka mu sufuria."

Nilicheka moyoni, nikaona mama mzee ametegwa na kisabo chake mwenyewe. Julien alikuwa ametuambia wazi kwamba mafuta yalitolewa. Siagi ingetoka wapi? Lakini nilifunga mdomo, kwa sababu shingo yangu ilikuwa imeshinda kesi.

Kuanzia hapo, jioni kwa jioni, Théoneste alikula maharagwe yaliyokorogwa unga mweupe. Julien alimwongezea mfuko mwingine, akimwonya asizidishe, kwamba tumbo si ghala. Alipanda mawe na gunia lake, akalala mapema, akaacha pombe ya ndizi kabisa, jambo lililonihuzunisha kwa sababu nilikuwa nakunywa naye. Taratibu mashati yakarudi kumbana. Mwisho wa Julai Muwalimu Édouard alitupandisha, akachuchumaa, akayatazama magoti yale kwa karibu sana. Yalitulia. Akasimama, akajipangusa suruali, akampa bendera mtu mwingine.

Siku ya sikukuu sisemi mengi. Tulisimama. Nilisikia watu wakipiga vigelegele, nikaona ziwa lote, na chini ya nyayo zangu mabega yalikuwa magumu, hayana hata wasiwasi. Mukamugema alikuwa mstari wa mbele, amevaa kitambaa chake cha kanisani. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Keshero tangu asubuhi. Hakupiga kelele na wengine. Alimtazama mwanawe tu, wala hakunitazama hata mara moja mimi niliyekuwa hewani.

Baadaye tulikwenda kwao kula. Aliweka sinia katikati: ugali, na maharagwe yenye unga mweupe ndani yake. Tulinawa. Théoneste, kwa furaha aliyokuwa nayo, alimpakulia mama yake kwanza, akamsogezea sahani. Yeye akairudisha.

"Mama, hautakula?"

"Hapana, mutoto yangu. Leo nilisha kunywa maziwa."

Hakuna aliyekuwa anauza maziwa Keshero wiki ile. Bihogo alikuwa mbali, milimani. Niligeuka nikaona kikombe chake kando ya kisabo, kikiwa na utando mweupe wa unga pembeni, na mfuko wa Julien umekunjwa vizuri chini yake. Alikuwa ameyanywa asubuhi ili apate nguvu ya kutembea. Kicheko changu cha siku ile ya kisabo kilinirudi, na niliona aibu.

Mkono wa Théoneste ulikuwa umesimama juu ya sinia. Alikuwa ameelewa kabla yangu.

"Ulijua ni maziwa," alisema. "Na Bihogo je?"

Mukamugema alimega ugali, akauchovya kwenye maharagwe, akamwekea mwanawe mkononi kama mtu anayelisha mtoto.

"Bihogo ni ngombe," alisema. "Weye ni mutoto yangu. Kula, inapoa."

Théoneste alikula.