Uji wa Mama Bogonko

Elmina, ambaye sote tulimwita Mama Bogonko, aliuza uji wa wimbi kwenye kituo cha kupimia majani chai, hapa kwetu karibu na Kiptere. Lori la kiwanda lilichelewa kila siku, na uji wake ndio uliotushikilia roho. Alikuwa Msabato, yeye na watu wa nyumba yake tu katika kijiji kizima. Jumamosi hachumi chai, hawashi moto. Tulimtania kwamba anamtangulia Mungu kupumzika, naye hujibu, "Nyinyi ndio mnachelewa kama lori."

Mwaka wa tisini na tatu ikaja barua isiyo na jina. Ilidai Wasabato hutia dawa katika chakula ili watoto wa wengine wadhoofike. Ukiisoma, uinakili mara saba, uwape watu saba, la sivyo utazika mtu kabla mwezi haujaisha. Upuzi mtupu! Lakini watu wazima waliosoma walikaa wakinakili kama watoto walioadhibiwa na mwalimu.

Sufuria ya Mama Bogonko ikaanza kurudi nyumbani imejaa, na uji huo ndio uliokuwa ukimsomesha mwanawe. Akaenda kwa mzee wa kijiji.

"Mama, hii maneno haina mwenyewe," mzee akamwambia. "Sasa mimi nitashika nani?"

Nami niseme langu. Barua iliponifikia, binti yangu Dorine alikuwa hoi kwa malaria. Nilijua ni uongo. Nilinakili hata hivyo, zote saba, nikazigawa. Dorine alipopata nafuu, aibu ikanishika, nikapita nyumba kwa nyumba kuzikusanya. Shemeji yangu Robert alinishangaa.

"Yangu nilipeana kitambo. Hata hao wameandika zao."

Sikupata hata moja.

Kesho yake nikamwendea Mama Bogonko kituoni, nikamwambia yote mbele ya watu.

"Hata wewe, Mama Dorine?" akasema. Akafunua sufuria, akajaza kikombe, akanipa kwa mikono miwili. "Basi kunywa, wakuone."

Nilitaka kunywa, Mungu anajua. Uji ulinukia vizuri kama siku zote. Nikamfikiria Dorine, ambaye ndiyo kwanza ameanza kusimama, na mkono ukakataa kupanda.

Nilimrudishia kikombe kikiwa kimejaa.