Siku Bibi Alipopanda Bajaji ya Watu

Dhana mbaya haibishi hodi. Humwingia hata mtu asiyekosa swala, ikakaa kitako, ikamwonyesha mwizi pale alipo mwenyeji wake. Hilo ndilo kosa nitakalolisimulia, nami sikulisoma kitabuni. Nililishuhudia utotoni, katika mji wa Kozhikode, kusini mwa India.

Limenirudia mwezi uliopita, nilipompeleka mke wangu mji uleule kutibiwa goti. Tuliteremka kwenye ndege, nikagusa simu, gari ikaja. Dereva alijua tunakokwenda kabla sijamtolea salamu. Muda wote tuliokaa kule hatukumwuliza mtu njia, wala hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi. Nilipigwa na butwaa, na hata sasa halijanitoka: kumbe mji mzima unaweza kuzungukwa bila ya kutazamana na mtu usoni.

Zamani haikuwa hivyo, rafiki yangu. Bibi, mamake baba, mzaliwa wa Unguja, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na sisi watu wa Maskati, kama ujuavyo, dawa za nyumbani zikishindwa huelekea India. Ami, mdogo wake baba, ndiye aliyempeleka. Mimi nilichukuliwa niwe fimbo yake. Tulisafiri kama ilivyo ada yetu: sanduku moja la nguo, na la pili la halua, tende na chupa ya kahawa iliyoviringishwa kanga isivunjike. Kutoka uwanja wa ndege, njia ilipanda na kushuka vilima vya udongo mwekundu. Mvua ilikuwa imenyesha. Bibi hakuona kitu, lakini aliteremsha kioo, akavuta harufu ya makumbi yaliyorowa na samaki wa kukaangwa kwa mafuta ya nazi, machozi yakamtoka.

"Mtanambia nini nyinyi? Hii Unguja hii!"

Ami hakunusa chochote. Safari nzima alikuwa akituusia: "Watu wa huku ukifumba jicho tu, wamekwisha kukuibia. Kamata mkoba. Usimchekee mtu."

"Basi mie nshaibiwa zamani," Bibi akamjibu, "maana yangu yote mawili yamefumba."

Asubuhi ya pili tulitoka kwenda hospitali ya macho. Ami alimsimamisha Bibi mlangoni pa nyumba ya wageni, akanishika mkono nisiibwe, tukavuka barabara kupatana na madereva wa bajaji. Nyuma yetu magari yakasongamana, na bajaji moja ikakwama mbele ya Bibi, ndani yake mna mwanamke aliyevaa buibui.

Hapa sharti nikukumbushe teksi zetu za Maskati za enzi zile. Ulinyoosha mkono, gari ikasimama, ukawatolea salamu waliomo, ukataja mtaa, Ruwi au Sidab, ukakaa. Hakuna aliyekuuliza u nani, kwani kiti kitupu kilikuwa cha yeyote aliyekihitaji. Bibi aliona kivuli cha chombo kilichosimama na kivuli cha mwanamke ndani yake. Hakuhitaji zaidi. Akasema, "Salamu aleikum," akapanda, akamsogeza kwa nyonga yule mwanamke aliyeikodi, akamwambia dereva, "Spitali." Njia ikafunguka. Nilipogeuka niliona ncha ya kanga yake ikipepea kwenye kona, kisha sikuiona tena.

Ami alipiga kelele za kututosha sote. Mchana kutwa tulizunguka mji ule: kituo cha polisi, stesheni ya reli, ufukweni, vichochoro vya soko vinukavyo viungo na halua yao ya rangi rangi. Kila mahali alinadi kwamba mama yake ameibwa. Alitafuta kila anapoweza kwenda mwizi. Mahali tulipokuwa tukienda wenyewe hapakumjia akilini, mpaka askari mmoja alipomwuliza kwa upole asubuhi tulikuwa tumekusudia kwenda wapi.

Tulimkuta Bibi hospitalini, kwenye benchi ukumbini, akila ndizi za kukaanga. Mwanamke wa bajaji alikuwa ubavuni mwake, amemshika mkono. Walikuwa hapo tangu asubuhi. Bibi alimwonyesha macho yake, akataja Maskati, na yule mama akaacha safari yake akakaa naye.

"Harami!" Ami akanguruma. Waume wengi wa mji ule hufanya kazi Ghuba, Uarabuni. Neno hilo la Kiarabu, mwizi, halikuhitaji mkalimani. Akaunyakua mkoba wa Bibi, akaufungua mbele za watu, akaupekua. Hakikupungua kitu. Yule mama alisimama, akavuta mtandio wake, akaondoka. Nilihisi kama nimezabwa kofi mimi.

"Nani harami?" Bibi akauliza.

"Huyo aliyekuiba!"

"Kaniiba akanleta spitali? Mwivi gani huyo, na wewe mlinzi ulikuwa wapi?" Akaiweka ndizi chini. "Wallahi sipasuliwi jicho. Nifunguliwe nikaone nini, uso wako? Mtafute, umtake radhi, kisha ndo mnipasue."

Ami alidhani hasira zitashuka. Kulipokucha, Bibi alikataa kulala kitandani apasuliwe. Daktari akasema zamu ikipita leo, turudi Maskati, na Bibi huenda asione tena.

Ndipo Ami alipojifunza kuuliza. Tulichukua halua yetu tukaanza kwa dereva mmoja, akatupeleka kwa mwingine, huyu akatunywesha chai, yule akatucheka, hadi ng'ambo ya reli, kwenye nyumba ya vigae ya yule mama. Ukutani palikuwa na picha ya mwanamume aliyesimama mbele ya bahari ya Matrah, bandari yetu ya Maskati. Ami aliitazama picha ile, rangi ikamruka. Mumewe alikuwa akitutumikia sisi, mjini kwetu.

Ami aliiweka halua chini, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Yule mama, Nabisa jina lake, aliifungua, akanimegea mimi kwanza. Kisha akachukua buibui lake akafuatana nasi. Bibi alipoupapasa mkono wake, alilala kitandani, akapasuliwa. Bendeji ilipotolewa, uso wa kwanza aliotaka kuuona ulikuwa ule. "Kumbe kijana hivi!" akasema, wakacheka wote wawili.

Mwezi uliopita niliitafuta nyumba ya vigae. Simu haikuijua. Teksi zetu za kukaa pamoja nazo zimetoweka. Kila mtu yumo garini mwake, vioo juu, viti vitatu vitupu. Leo Bibi angepanda bajaji ya watu, angepigwa picha akachekwa dunia nzima.

Ami aliishi hadi uzeeni. Kila mtu alipoanza barazani petu, "Watu wa huko ndivyo walivyo," yeye aliinua mkono, akamkatiza kwa jina moja tu: Nabisa.