Viputo vya Fidencio

Hortensia aliijua pumzi ya mumewe kuliko alivyoijua sauti yake. Miaka nenda miaka rudi yeye ndiye aliyeendesha boti yao huko ghubani La Paz, huku Fidencio akiwa chini na kamera, mtungi wa hewa mgongoni, akiwatafuta papa wenye vichwa vya nyundo. Yeye juu alifuata viputo vya pumzi yake. Vilikoelekea, na boti ilielekea huko.

Papa wale, pamoja na ukubwa wao wote, ni waoga kupindukia. Wakisikia viputo vikibubujika, kundi zima linageuza mikia. Ndiyo maana wapiga picha wa huko hubana pumzi papa wakisogea, ingawa mzamiaji hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba ukibana pumzi huku unapanda, mapafu hupasuka. Wao huita ufundi, mimi naita ukaidi. Fidencio alikuwa bingwa wa ukaidi huo, akamrithisha mwanawe, Abelardo. Kijana alimfuata papa, pumzi ameibana, bila kutambua kwamba yeye mwenyewe anapanda, akarudishwa maiti. Mama yake ndiye aliyeona viputo vikikoma.

Fidencio akaifungia kamera kabatini, akawa mtu wa kushinda akitazama ukuta. Kisha zikaja habari kwamba papa wameonekana tena mwambani. Akaitoa, akaifuta vumbi.

"Unakwenda kutafuta nini huko, mzee?" Hortensia aliuliza.

"Picha moja tu, mke wangu. Nikamwekee mtoto kaburini."

"Mtoto hajaomba picha."

Fidencio akaendelea kuifuta kamera.

"Haya, nitakupeleka. Ila usinibanie pumzi. Ukinyamaza huko chini, mimi huku juu nakufa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mh! Kusikia hujaanza leo. Sikio la kufa halisikii dawa."

Asubuhi ile bahari ilikuwa shwari. Fidencio alizama, viputo vikaanza kupanda. Baada ya muda Hortensia aliona vivuli virefu vikipita chini ya boti, kimoja, kingine, kundi zima. Hapo ndipo mumewe alipozoea kubana.

Viputo vikakawia. Hortensia akaanza kulia kwa sauti. Mara vikaja, vingi, vikichemka kama maharage chunguni, vikaendelea kuja. Vivuli vikatawanyika.

Fidencio alipanda botini macho mekundu.

"Umempata?"

"Mkia tu. Alinijia hadi hapa, Hortensia, uso kwa uso. Nikapumua, akaondoka." Akaketi sakafuni. "Kumbe ni rahisi hivi? Kupumua tu, umwache aende zake? Mbona sikumwambia mtoto?"

Hortensia alikuwa na jibu. Alikuwa amelibeba tangu siku ya mazishi, nalo lilikuwa lawama chungu. Alilimeza, akapiga magoti, akaanza kumfungua mtungi mgongoni.